Jicho Ndani ya Mstari Mweusi

Mpe mtu yeyote picha ya ndege, umtazame anavyoiangalia. Hataanza na mkia wala rangi za bawa. Ataenda moja kwa moja kwenye jicho. Bawa likififia kwa mwendo, atasema ndege anaruka. Mkia ukiwa na ukungu, hata hatauona. Lakini jicho likikosa ukali hata kidogo, picha imeharibika, na mpigaji huifuta kabla hajamwonyesha mtu. Ufundi ninaotaka kuusifu hapa unahusu kipande hicho kidogo, ambacho kwa ndege wengi hakifiki sentimita moja.

Kipande hicho kimewahi kudai gharama kubwa. Mwaka 1937, huko Wales, Mwingereza Eric Hosking alikuwa kwenye kazi ya kuwapiga picha bundi wa kahawia usiku. Mmoja akamshambulia usoni kwa kucha, na Hosking akapoteza jicho la kushoto. Hakuacha. Aliendelea na kazi hiyo kwa miongo mingi, na kitabu cha maisha yake, kilichotoka 1970, alikiita *An Eye for a Bird*. Ukizingatia kwamba enzi hizo fokasi ilirekebishwa kwa mkono, na kwamba yeye aliirekebisha kwa jicho moja lililobaki, unaanza kuona aibu ya kulalamikia menyu ya kamera.

Ugumu wenyewe ni wa hesabu. Lenzi ya milimita 600, ikifunguliwa f/4 na ndege akiwa mita 10, inaacha kina cha ukali cha sentimita 6 au 7 tu. Furukombe akikukabili uso kwa uso, ncha ya mdomo wake na kisogo chake haviwezi kutoka vikali kwa pamoja. Lazima uchague, na ndege hakungoji uchague. Ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, walioanza kupiga picha za viota mwaka 1892, walilikwepa tatizo kwa busara: walipanga kamera mbele ya kiota kwa sababu kiota hakiruki. Fokasi iliwekwa mapema, nao wakajificha, wakati mwingine hata ndani ya ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa ionekane kama ng'ombe mzima, wakingoja ndege arudi mahali palipokwisha kupimwa. (Cherry baadaye alifika Afrika Mashariki na kamera zake.)

Mwaka 1985 Minolta ilitoa kamera yake ya 7000, na kuanzia hapo kazi ya kuzungusha lenzi ikaanza kuhamia kwenye mota. Ila mota haikujua ndege ni nini. Ilipima umbali wa chochote kilichoangukia kwenye vidoti vichache vya fokasi, kiwe jicho, kiwe tawi. Kwa zaidi ya miaka 30 mpigaji picha wa ndege alikuwa mtu wa kusukuma kidoti kwa kidole gumba, akijaribu kukiweka kichwani mwa kiumbe kisichotulia. Kamera za enzi hizo, zenye kioo ndani, zilipima fokasi kwa sensa ndogo ya pembeni, ambayo haikuiona picha yenyewe. Iliona vipande vya nuru tu. Kioo kilipoondolewa, sensa ileile inayopiga picha ikaanza pia kuitazama wakati wote, na hapo ikawezekana kuifundisha kutambua kilichomo. Julai 2020 Canon ikatangaza R5 na R6 zenye uwezo wa kumtambua ndege, mbwa na paka. Desemba mwaka huohuo Olympus ikaongeza utambuzi wa ndege kwenye E-M1X kwa kubadilisha programu tu, bila kugusa chuma. Januari 2021 ikaja A1 ya Sony, inayokokotoa fokasi na mwanga hadi mara 120 kwa sekunde. Nikon ilianza kwa kumweka ndege ndani ya kundi la wanyama kwa jumla, na mwaka 2023 ikampa chaguo lake peke yake kwenye Z9.

Kuna wakongwe wanaosema siku kamera ilipoanza kumtambua ndege ndipo ufundi ulizikwa. Siwaelewi vizuri. Naona kwamba umehama tu: zamani ulikaa vidoleni, wakati tukio linatokea, sasa sehemu kubwa yake hufanyika kabla, mtu akiwa amekaa na kamera mapajani, akiamua mambo ambayo hatakuwa na nafasi ya kuyaamua kesho asubuhi. Na mambo hayo huwezi kuyaamua bila kumjua ndege.

Kwanza tuelewane kinachofanywa na mashine. Akili mnemba iliyomo ndani ya kamera imefundishwa kwa picha nyingi za ndege, na kazi yake ni kusema wapi: hapa kuna mwili, hapa kichwa, hapa jicho. Haipimi umbali. Umbali hupimwa na utaratibu mwingine, ule wa kulinganisha miale inayoingia pande mbili za lenzi. Utaratibu huo wa pili unaweza kuwa mzuri kabisa na picha ikaharibika kwa sababu wa kwanza umeelekeza pabaya. Kuipanga kamera, basi, ni kama kumtuma mtoto dukani: umwambie anunue nini, aende duka lipi, na akikuta limefungwa asubiri au arudi.

Anunue nini. Menyu hukupa mtu, mnyama, ndege, gari, au uiachie kamera ichague. Wengi huiachia, nao husema hawaoni tofauti. Waende wakampige picha shashi aliyetua kwenye shingo ya nyati. Kamera iliyoambiwa itafute wanyama ina kila sababu ya kulipenda jicho la nyati, kubwa, lenye kung'aa, lililo karibu. Ndege mwenye mdomo mwekundu anayemchokoa kupe kando yake anabaki pambo. Iambie ndege, na uwezekano wa kumpata shashi unapanda sana. Ni badiliko dogo, lakini linatokana na kujua kwamba unakokwenda shashi wapo.

Duka lipi, yaani eneo la kutafutia. Kamera nyingi humtafuta ndege ndani ya eneo ulilolichora, au huanzia hapo. Furukombe wa Ziwa Naivasha akiwa angani, eneo liwe la skrini nzima: kichwa cheupe, mwili mweusi na wa kahawia, anga tupu nyuma yake, hakuna cha kuichanganya mashine. Kazi hii ni rahisi kiasi kwamba haistahili sifa. Heroe ni shida nyingine. Wanaposimama kwa maelfu kando ya maji, kila mmoja ana jicho, na kamera yenye eneo pana huruka kutoka shingo moja hadi nyingine. Hapo eneo hupunguzwa hadi lilingane na ndege mmoja, na mpigaji anachukua tena jukumu la kumweka huyo mmoja ndani yake.

Kisha suala la kusubiri au kurudi, ambalo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Ndege akipita nyuma ya mafunjo, jicho hupotea kwa sehemu ndogo ya sekunde. Je, kamera ing'ang'anie umbali ilioushika, ikiamini kwamba atatokea upande wa pili, au ikubali haraka kwamba mbele sasa kuna majani, ihamie huko? Kipimo hiki huwa na ngazi kuanzia 1 hadi 5, na hapa lazima niseme neno: kwa Sony 5 ni kamera inayohama upesi, kwa Nikon 5 ni ile inayochelewa kuhama. Anayetumia zote mbili ana haki ya kulaani kidogo. Kwa ndege wa mafunjo mimi huitaka iwe na ukaidi. Kwa mbayuwayu wanaokatiza huku na huko juu ya maji, ukaidi ni hasara, maana ukimkosa wa kwanza unataka wa pili mara moja.

Sasa mdiria. Nazungumzia yule mweusi na mweupe ambaye kila aliyepanda boti Naivasha amemwona akisimama hewani juu ya maji, mwili karibu wima, mdomo ukielekea chini, mabawa yakipiga bila kupumzika huku kichwa kikibaki palepale. Mpangilio mzuri huonekana kwake, kwa sababu anachanganya ukarimu na ubahili. Mkarimu kwa kuwa kichwa hakiyumbi. Hukupa sekunde kadhaa kabla hajajitupa. Bahili kwa kuwa jicho lake jeusi limekaa katikati ya mstari mweusi unaopita usoni. Weusi juu ya weusi. Jua likiwa nyuma yake, mashine haina cha kushika, nayo huishia kwenye bawa au kifuani, penye tofauti kubwa ya mweupe na mweusi. Dawa ya hilo haimo kwenye menyu. Imo kwenye boti: mwambie nahodha azunguke mpaka jua la asubuhi, likiwa bado chini, limulike uso wa ndege. Nuru ikigonga jicho, kidoti cheupe kinatokea ndani ya mstari, na kijisanduku cha kamera kinatua hapo papo hapo.

Kuna jambo la pili ambalo mdiria hulifundisha, na ambalo vitabu vya maelezo hulipita juu juu. Mashine haimtambui ndege asiyeonekana. Lenzi ndefu ikiwa imebaki na fokasi ya mlima wa ng'ambo, mdiria aliye mita 12 ni doa la kijivu, na doa la kijivu si ndege kwa akili yoyote, mnemba au ya kuzaliwa. Kamera itahangaika kwenda mbele na kurudi, na ndege atakuwa ameshazama na kutoka na samaki. Mpigaji aliyekomaa hupima fokasi mapema kwenye shina la mafunjo lililo umbali ule ambao ndege huvua, halafu husogeza swichi ya pembeni ya lenzi ili mota isihangaike kwenye umbali usiohitajika. Akiinua kamera, ndege tayari ana umbo, na utambuzi unachukua nafasi yake mara moja. Ndugu wa Kearton wangeielewa hatua hiyo bila kufafanuliwa.

Alama ya mwisho ya fundi, kwa maoni yangu, ni vitufe viwili. Kimoja, chini ya kidole gumba, huamsha fokasi yenye utambuzi wa ndege na eneo pana. Kingine, jirani yake, huzima utambuzi wote na kurudisha kidoti kimoja kidogo cha zamani. Chozi akiwa ndani ya kichaka, na vijiti vitatu mbele yake, mashine inaweza kukataa katakata kwamba pale pana ndege. Kubishana nayo kwa menyu wakati huo ni kupoteza muda; gumba huhamia kitufe cha pili, kidoti hupenyezwa kati ya vijiti, kazi huendelea. Kuna kibundi mmoja wa savana zetu, mwenye madoadoa ya lulu, aliyejaliwa macho ya uongo kisogoni: madoa mawili meusi yaliyozungushiwa weupe. Mbele ya ndege huyo nahamia kitufe cha pili bila kungoja kuona mashine itaamua nini.

Mengine nayapita haraka. Fokasi iwe ya kuendelea, si ya kushika mara moja. Kasi ya shata isipungue 1/2000 kwa anayeruka. Piga mfululizo, kwa sababu ndege wana kope la tatu linalopita juu ya jicho na kuliacha na rangi ya maziwa, na hakuna kamera inayoweza kuling'amua kwa niaba yako. Na ikifika saa nne, hewa juu ya maji ikianza kutetema kwa joto, funga mfuko. Mtetemo huo huharibu jicho la ndege wa mbali kabla nuru haijafika kwenye lenzi, na hapo mpangilio wowote ni bure.

Manahodha wa Naivasha wengi hawamiliki kamera, lakini wanajua lini ndege ataondoka. Ndege kwenye gogo akijikaza, akiinama mbele, akitoa kinyesi, nahodha husema bila kugeuka, "Bosi, jitayarishe, huyu anaenda." Huo ndio wakati wa kubadili kutoka kidoti kidogo hadi eneo pana, sekunde moja kabla bawa halijafunguka, na kamera haina njia ya kuujua. Manahodha hao wanajua pia kwamba ndege huruka akiukabili upepo. Kwa hiyo mahali pazuri pa boti ni pale ambapo upepo uko mgongoni mwako, ili aje upande wako, na jua vilevile liko mgongoni. Asubuhi nyingi viwili hivyo havikubaliani. Ikibidi kuchagua kati yao, huwa nachagua jua, maana mdiria asiyeonekana jicho hanisaidii hata akija mpaka usoni pangu.