Moshi Unaposoma Zege

Kosa linalojirudia kuliko yote katika uigaji wa moshi ni la kuvuja: moshi unapanda, unalifikia dari, kisha unatokea upande wa pili bila kupunguza mwendo wala kubadili umbo. Mafundi wengi huliona kuwa hitilafu ya kufichwa kwa pembe nyingine ya kamera. Lakini kuvuja kuna muundo wake, na ukiutazama kwa subira utakuonyesha ni wapi hasa ukuta haukuandikwa.

Tuchukue paa la Soko Kuu la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli ya miaka ya 1970, tulijenge upya katika programu ya Blender. Ni safu za faneli za zege, kila moja juu ya nguzo yake, zinazotanuka kuelekea juu ili zipokee mvua na kuishusha. Umbo lililobuniwa kwa ajili ya ugiligili unaoshuka linapewa sasa ugiligili unaopanda, na hapo ndipo ugumu wake unapoanza kuvutia. Moshi unaogonga tumbo la faneli hauna budi kutelezea nje, ufuate mteremko uliopinduliwa hadi ukingoni, kisha ubanduke na kujikunja katika uwazi ulio kati ya faneli na jirani yake. Uzuri wa onyesho zima umo katika mageuko hayo mawili.

Kwa nini basi unapenya? Kwa sababu moshi hauoni zege, unasoma gridi. Kila vokseli, yaani kijichemba kimoja cha gridi hiyo, hubeba namba ya umbali kutoka kwenye uso wa kizuizi, hasi ikiwa ndani na chanya ikiwa nje. Gamba likiwa jembamba kuliko vokseli, huenda pasipatikane hata namba moja hasi, na kwa kitatuzi, sehemu ya programu inayokokotoa mwendo wa moshi, paa hilo halipo. Kupunguza upana wa vokseli kwa nusu huzidisha idadi yake mara 8, gharama ambayo kompyuta nyingi haziimudu. Kulinenepesha gamba ni nafuu zaidi, ila ni uamuzi wa kimtindo: kamera ikisimama chini, usawa wa meza za wachuuzi, unene uongezwe upande wa juu, ndani ya bakuli la faneli, mahali ambapo jicho halifiki. Ukiongezwa pande zote, kingo hukaribiana, uwazi huziba, na moshi uliokuwa ukivuja sasa unafungiwa. Huo nao ni uongo, tena ulio mgumu zaidi kugundua.

Hata ukuta ulioandikwa vyema unaweza kusomwa vibaya. Katika mbinu ya kuiga ugiligili aliyoichapisha mtafiti Jos Stam mwaka 1999, kasi husafirishwa kwanza, kisha shinikizo huisahihisha ili ugiligili usijazane wala kutoweka. Ukutani, sehemu ya kasi inayoelekea ndani huondolewa, na inayoambaa na uso inaweza kuachwa iendelee. Ikiondolewa nayo, moshi hunata darini kama rangi. Mwaka 2001 Ronald Fedkiw, Stam na Henrik Wann Jensen walirudisha vizingia vidogo vinavyofutwa na ukokotoaji, na tangu hapo vizingia vimekuwa kiungo kinachomiminwa bila kipimo, hasa pale panapovuja. Mimi huvizima kabisa kabla ya kuhukumu mgongano.

Moto una ukaidi wake. Chanzo kikizama ndani ya kizuizi, vokseli zilizomo hutengwa na mwali hutoka umekatwa, kana kwamba umepunguzwa kwa mkasi. Soko Kuu liliungua Julai 2021, na vibanda vya soko la Mchikichini vikateketea Januari 2022. Anayetaka kuviiga hivyo vya pili hana zege la kumsaidia, ana mbao, nguo na bati lisilofikia unene wa vokseli yoyote. Bati linaloanguka huruka vokseli nyingi kati ya fremu mbili, hivyo lazima hatua za muda zigawanywe. Lazima pia lipewe kasi yake lenyewe. Likikosa kasi hiyo, moshi hupasuka tu kulipisha. Likiwa nayo, moshi ulio chini husukumwa pembeni kwanza, kisha hufyonzwa kwa nguvu kuingia nyuma ya bati, ukiwa bado na joto la kutosha kupanda tena.