Somo Rahisi, Lugha Ghali: Uhakiki wa Kozi Fupi za Mtandaoni kwa Mwanafunzi wa Goma

1.0 Utangulizi

Neno "rahisi" katika Kiswahili lina maana mbili: kitu cha bei ndogo, na kitu kisicho kigumu. Sifa zinazomiminiwa kozi fupi za mtandaoni hutegemea sana utata huo. Bei inapokuwa ndogo, watu hushawishika kuamini kwamba njia ya kuifikia elimu nayo imekuwa nyepesi. Makala haya yanadai kwamba kwa mwanafunzi wa Goma, mji mkuu wa Kivu ya Kaskazini, maana ya kwanza haileti ya pili, na kwamba kinachozitenganisha zaidi ni lugha.

Imezoeleka kuzijadili kozi hizi kama bidhaa au kama teknolojia. Hapa zinahakikiwa kama matini. Kila matini humkusudia msomaji fulani, na mhakiki hana budi kuuliza msomaji huyo ni nani.

2.0 Msomaji Anayekusudiwa

Coursera na edX zilianzishwa Marekani mwaka 2012. Ufaransa ilizindua jukwaa lake, FUN, mwaka 2013. Masomo mengi katika majukwaa hayo yametolewa bure au kwa ada ndogo, ila cheti mara nyingi hulipiwa. Msomaji aliyefichika ndani ya matini hizo ana kadi ya benki, ana umeme na mtandao usiokatika, anasoma peke yake, na anafikiri kwa Kiingereza au Kifaransa.

Msomaji wa Goma hafanani naye. Intaneti huinunua kwa "mega" katika simu yake, na somo la video huweza kuzimaliza mega hizo kabla lenyewe halijamalizika. Fedha zake aghalabu zimo katika M-Pesa au Airtel Money. Wala mtandao hauko mikononi mwake: tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, serikali iliufunga, nao ukarudi takriban siku 20 baadaye. Mji ulipotwaliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango. Hata hivyo, vikwazo hivi, pamoja na ukubwa wake, vinaonekana na kila mtu. Kikwazo cha lugha hakionekani upesi, kwa kuwa mwanafunzi mwenyewe hukidhania kuwa ni uzito wa akili yake.

3.0 Lugha ya Cheti na Lugha ya Kuelewa

Katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kifaransa kuwa lugha rasmi ya Kongo, huku Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha 4 za taifa. Kadiri mtoto anavyopanda madarasa, ndivyo Kifaransa kinavyotawala masomo yake. Nyumbani na sokoni hutumia Kiswahili cha Kivu, ambacho Nassenstein na Bose walikichambua katika kitabu chao cha mwaka 2016. Humo "watu" ni "batu", na "ninasoma" ni "niko nasoma".

Jibu linalokuja haraka ni kwamba kozi zitafsiriwe kwa Kiswahili. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulikwisha kuthibitisha kwamba kompyuta inaweza kusema lugha hii. Lakini istilahi zilizosanifiwa Dar es Salaam si lazima zieleweke Goma. Penye "pakua", kijana wa Goma hukimbilia kitenzi cha Kifaransa "télécharger" na kukivika viambishi vya Kiswahili. Kenya na Tanzania zenyewe hazijapatana kati ya "tarakilishi" na "kompyuta". Tafsiri isiyomjua msomaji wake humwondolea mgeni mmoja ikamletea mwingine.

Wapo watakaopinga kwamba mashirika ya misaada yanayoajiri Goma yanadai Kifaransa na Kiingereza, hivyo kujifunza kwa Kiswahili ni kupoteza wakati. Hoja hii ina uzito, lakini inachanganya lugha ya cheti na lugha ya kuelewa. Mtu aliyeelewa utunzaji wa hesabu kwa Kiswahili anaweza kuandika ripoti yake kwa Kifaransa. Aliyekariri istilahi za Kifaransa bila kuzielewa hubaki na brevet mkononi tu.

4.0 Mfano wa Mwaka 1973

Somo fupi, la bei ndogo na la mbali si jambo geni kwa wasemaji wa Kiswahili. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya" kwa muda wa wiki 12. Vipindi vya redio viliambatana na vijitabu, na wasikilizaji walikutana katika vikundi vyenye viongozi waliofunzwa. Watu takriban milioni 2 walishiriki, na vyoo vilichimbwa vijijini.

Kwa upande mwingine, Reich na Ruipérez-Valiente walionyesha mwaka 2019 kwamba katika kozi za Harvard na MIT ndani ya edX, ni asilimia 3 hivi tu ya walioshiriki mwaka 2017–18 waliomaliza. Hata miongoni mwa waliolipia cheti, waliomaliza hawakufika nusu.

Ulinganisho huu una mipaka yake. Kushiriki si sawa na kuhitimu. Wengi hujiandikisha mtandaoni kwa kuonja tu. Na kampeni ya Tanzania ilisukumwa na dola iliyokuwa na nguvu vijijini. Hata hivyo, tofauti moja haipuuziki. Msikilizaji wa mwaka 1973 alipokwama, alikuwa na mtu wa kumuuliza kwa lugha yake. Msomaji wa Goma anapokwama, hana budi kutunga swali kwa lugha ileile iliyomkwamisha.

5.0 Hitimisho

Kozi fupi za mtandaoni hazistahili kubezwa. Zimewafungulia wengi maarifa ambayo hapo awali yalihitaji visa na nauli. Kinachodaiwa hapa ni kwamba ziandamane na kazi ambayo idara za Kiswahili zinaiweza: kijitabu chembamba kwa kila kozi, kilichoandikwa kwa Kiswahili kinachojaribiwa kwanza mbele ya wasemaji wa Kivu, kikiweka istilahi ya Kifaransa kando ya maelezo, na kikundi cha watu wachache wanaokutana kila wiki, ambapo somo lililopakuliwa mara moja linatazamwa na wote. Gharama yake ni ndogo, na mtandao ukifungwa, kijitabu na kikundi vitabaki.

Uhakiki wa kozi usiishie kwenye bei na jina la chuo kinachotoa cheti. Uulize pia: somo hili linamsemesha nani, na akikwama, nani atamjibu?