Kitabu Kinachorudi Nyuma

Mark Leopold (jina limegongana tu na la yule mfalme wa Ubelgiji, ambaye naye yumo) alitoa Inside West Nile mwaka 2005. Amekipanga kinyumenyume. Anaanza na Arua ya miaka ya 1990, anarudi kwa Amin, kisha kwa Waingereza, hadi kwa wafanyabiashara wa watumwa na pembe. Mwanzoni inachosha. Unasoma watu wanakimbia, na aliyeleta bunduki unamjua baadaye sana.

Lakini mpangilio huo ndio hoja yenyewe. Ilizoeleka kusemwa kwamba watu wa West Nile ni wakali kwa asili, ati ni damu. Leopold anaufuata ukali huo nyuma hatua kwa hatua, na kila anapofika anakuta watawala wametangulia. Mwaka 1894 Waingereza walimkodishia mfalme eneo la Lado. Alipofariki 1909 likaenda Sudan, na 1914 upande huu ukatiwa Uganda. Wakakwa wa Koboko wako palepale, wameonja serikali tatu! Halafu Waingereza wakawafanya vijana kuwa askari na vibarua wa miwa huko kusini. Jeshi hilo ndilo lililomlea Amin. Alipoanguka 1979, kisasi kikawashukia wote: Juni 1981 askari wa serikali waliua watu waliojificha misheni ya Ombaci, karibu na Arua.

Ninapomlaumu ni hapa: anaegemea mno karatasi za maafisa na wasafiri. Mama aliyevuka mpaka na mtoto mgongoni, alipewa shamba na nani kule? Mimi ningetaka kurasa zaidi juu ya huyo.

Hata hivyo, ndugu zetu mnaoandika ripoti, kisomeni. Vijana wakipigana kwenye bomba, mnaandika "ugomvi wa kikabila", basi. Foleni ilikuwa na madumu mangapi, maji yalikatika lini, hamuandiki. Ni ileile hadithi ya damu.

Kiingereza chake ni kizito. Mimi nasema tukisome kwa kikundi, sura moja kwa wiki, anayejua awatafsirie wengine. Na tuwaalike wazee wenyeji wa hapa. Wengi wao walikuwa wakimbizi Sudan na Zaire kabla sisi hatujafika kwao.