Vita vya Uhabeshi katika Insha ya Walter Benjamin

Wahakiki wanaoandika kuhusu sanaa na siasa humkopa Walter Benjamin hata wasipomtaja jina. Kutoka katika insha yake kuhusu kazi ya sanaa katika enzi ya kunakiliwa kwa mitambo huchukua ile tofauti maarufu: ufashisti huivika siasa vazi la ujumi, nao ukomunisti hujibu kwa kuitia sanaa siasa. Mfano unaofuata huwa uleule, yaani mikutano ya Wanazi mjini Nuremberg na filamu za Leni Riefenstahl. Lakini mfano aliouchagua Benjamin mwenyewe, pale anapoifunga hoja yake, hautoki Ujerumani. Ni tamko la Filippo Tommaso Marinetti, mwanzilishi wa ufuturisti wa Italia, la kusifu uzuri wa vita vya Uhabeshi. Benjamin anaviita wazi vita vya kikoloni, kisha analipita neno hilo, na wasomaji wake wengi wamelipita pamoja naye.

Marinetti hakuigundua Afrika uzeeni. Alizaliwa Alexandria, Misri, mwaka 1876. Katika tamko la kwanza la ufuturisti, lililochapishwa na gazeti la Le Figaro tarehe 20 Februari 1909, gari lake linatumbukia mtaroni, na maji machafu ya kiwandani yanamkumbusha ziwa la yaya wake wa Kisudani. Riwaya yake ya Mafarka, iliyoandikwa miaka hiyohiyo, inamsimulia mfalme wa Kiafrika anayejiundia mwana mwenye mabawa bila ya kuhitaji mwanamke. Afrika hapo ni malighafi: mwili, joto na ukatili vinavyochimbwa ili mtu mpya wa Ulaya apate kuundwa. Wako wahakiki wanaomtenga Marinetti kijana, mvunjaji wa kanuni, na Marinetti mwanachama wa Akademia ya Kifalme ya Italia chini ya Mussolini. Mimi sioni mpaka huo ulipo. Hata jina la sanaa ya aina hii, ambayo Kiswahili huweza kuiita sanaa ya mstari wa mbele, limetoka jeshini. Na yeye alilichukua kwa maana yake ya asili. Italia ilipoivamia Uhabeshi mwezi Oktoba 1935, alikwenda vitani kwa kujitolea ingawa umri wake ulikuwa karibu miaka sitini, na mwaka 1937 akatoa utenzi wake wa Kiafrika kuhusu kikosi alichotumikia.

Kuanzia Desemba 1935 ndege za Italia zilimwaga gesi ya haradali juu ya wanajeshi na raia. Addis Ababa ilitekwa tarehe 5 Mei 1936. Tarehe 30 Juni Haile Selassie alisimama mbele ya Shirikisho la Mataifa mjini Geneva kuieleza gesi hiyo, na waandishi wa habari wa Kiitalia wakampigia miluzi ili asisikike.

Sasa tumrudie Benjamin. Anasema, kwa ufupi wangu, kwamba zama za Homer miungu ndiyo iliyowatazama wanadamu, ilhali leo wanadamu wanajitazama wenyewe, nao wamejitenga na nafsi zao kiasi cha kuuonja uangamivu wao kama burudani ya ujumi. Hoja hii ina nguvu, na imewasaidia wengi kuelewa kwa nini umati unaweza kushangilia kinachouua. Lakini iwekeni juu ya mfano wake mwenyewe, muone inavyopasuka. Nani anayeangamia Uhabeshi, na nani anayetazama? Vittorio Mussolini, mwana wa Duce, alirusha ndege katika vita hivyo, na katika kitabu chake alilifananisha kundi la Wahabeshi waliopigwa bomu na waridi linalochanua. Waliokuwa ndani ya waridi hilo hawakuwa watazamaji. Miungu ya Homer haikuondoka. Ilihamia katika kiti cha rubani. Neno "wanadamu" katika hitimisho la Benjamin linawaunganisha watu wawili ambao vita vya kikoloni viliwatenga kabisa, na kwa sababu hiyo uangamivu wa Mhabeshi unahesabiwa kuwa ni maradhi ya hisia za Mzungu.

Je, tunamdai mtu wa 1935 jambo lisilowezekana kufikiriwa wakati wake? Sidhani. Mwaka 1931 wasurealisti wa Paris, ambao Benjamin aliwajua na kuwaandikia insha mwaka 1929, waliwataka watu wasiyatembelee Maonyesho ya Kikoloni, na wakashiriki kuandaa maonyesho ya kuyapinga. Ukoloni ulikuwa tayari suala la sanaa ya mstari wa mbele, upande wake wa kushoto. Isitoshe, insha ya Benjamin ilipochapishwa mara ya kwanza, kwa Kifaransa, mwaka 1936, wahariri wa jarida la wanafalsafa wa Frankfurt waliuondoa "ufashisti" na kuweka maneno ya tahadhari kuhusu dola ya kiimla. Mjadala wake na Adorno, ambao ndio unaofundishwa zaidi, ulihusu sinema na uhuru wa sanaa.

Aliyeliokota neno lile ni Aimé Césaire wa Martinique, mshairi aliyelelewa na usurealisti huohuo. Katika hotuba yake dhidi ya ukoloni, ya mwaka 1950, anadai kwamba ufashisti uliishtua Ulaya kwa kuwa uliwatendea Wazungu mambo yaliyokwisha kutendwa makoloni. Kwa usomaji huo, Uhabeshi ndipo mahali ujumi wa vita ulipofanya kazi kabla ya kurudi nyumbani.

Mwaka 1941 askari wa King's African Rifles, waliotoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland na ambao lugha yao ya kambini ilikuwa Kiswahili, walikuwa miongoni mwa majeshi yaliyowatoa Waitalia Uhabeshi, nao wakipigana chini ya bendera ya dola nyingine ya kikoloni. Atakayeitafsiri insha ya Benjamin kwa Kiswahili atakuwa anawaandikia wajukuu wao. Akilifikia hitimisho, na aliweke neno "kikoloni" mahali pake, kisha afikirie kwa muda kabla ya kuandika "wanadamu" katika sentensi zinazofuata.