Fasili za Kamusi na Msamiati wa Kiingereza wa Mwanafunzi

Mwaka 1935 Michael West, mwalimu Mwingereza aliyefundisha Bengal kwa miaka mingi, alitoa pamoja na James Endicott kamusi ambayo fasili zake zilijengwa kwa maneno 1,490 tu. Kusudi lilikuwa jema: mwanafunzi asitumwe kutoka neno gumu hadi jingine gumu zaidi. Kamusi ya Longman ya mwaka 1978, iliyohaririwa na Paul Procter, ilifuata kanuni hiyo kwa maneno yapatayo 2,000.

Manufaa ya kanuni hii hayakanushiki. Hata hivyo, hesabu yenyewe ina hila ndani yake. ‘Get’, ‘put’ na ‘take’ huhesabiwa moja moja, ilhali kila moja lina maana chungu nzima, na likifuatwa na ‘up’ au ‘off’ huzaa nyingine. Mwanafunzi huifikia fasili akidhani amekanyaga nchi kavu, kumbe bado yu majini.

Lakini kasoro kubwa zaidi haimo katika hesabu. Fasili iliyokusudiwa mwanafunzi wa nchi yoyote haimjui mwanafunzi wa Kenya. Kitenzi ‘kuazima’ hutumika pande zote mbili: mwenye kitabu huazima, na mwenye kukihitaji huazima, muktadha ndio uamuao. Mwanafunzi aweza kuikariri fasili ya ‘borrow’ neno kwa neno, kisha akamwambia mwenzake, ‘Borrow me your pen’. Mwalimu humlaumu kwa uvivu. Lawama hiyo si ya haki, kwani kitendo chenyewe amekielewa barabara; asichoambiwa ni kwamba Kiingereza hukigawa kitendo hicho kwa kufuata nani atoaye na nani apokeaye. Tena mgawanyo huo si mgeni kwake, maana katika mambo ya fedha Kiswahili kina ‘kukopa’ na ‘kukopesha’. Mfano huo mmoja ungalimfaa kuliko fasili tatu.

Kwa ‘rice’ mambo hugeuka, kwa kuwa Kiswahili ndicho kitengacho mpunga, mchele na wali. Hapo taabu humwangukia mfasiri zaidi kuliko mwanafunzi.

Je, kamusi ya lugha mbili yatosha? La, ikiwa itaandika ‘azima’ mbele ya ‘lend’ na ‘azima’ mbele ya ‘borrow’ bila neno jingine. Hiyo itakuwa imeuficha mpaka ule ule uliotakiwa kuonyeshwa. Wahariri wa COBUILD, chini ya John Sinclair wa Chuo Kikuu cha Birmingham, waliona mbali zaidi mwaka 1987 walipoandika fasili kwa sentensi kamili. Humo kitenzi huonekana pamoja na mtenda na mtendewa, na msomaji hupata maana na matumizi kwa mpigo mmoja.

Hiyo ni nusu ya dawa. Nusu ya pili haiwezi kuandikwa Birmingham. Ni kazi ya wanaoijua ‘azima’ kuiweka baada ya sentensi hiyo, na kuonyesha kitu kinatoka mkononi mwa nani na kinaingia mkononi mwa nani.