Namba 5 na Vigawo Tasa vya Namba za Migawanyo

Mgawanyo wa namba kamili ni njia ya kuiandika namba hiyo kuwa jumla ya namba kamili chanya bila kujali mfuatano wa sehemu zake, na idadi ya migawanyo yote ya namba n huandikwa p(n). Namba 4 ina migawanyo mitano, yaani 4, 3+1, 2+2, 2+1+1 na 1+1+1+1, kwa hiyo p(4) ni 5. Idadi hii hukua upesi mno, hata p(200), aliyoikokotoa Percy MacMahon kwa mkono, ikafikia 3,972,999,029,388.

Katika jedwali la MacMahon la namba za p(n), Srinivasa Ramanujan aliona kwamba kila n inapoishia na tarakimu 4 au 9, p(n) hugawanyika kwa 5 bila baki: p(9) ni 30, p(14) ni 135, p(19) ni 490. Mwaka 1919 alichapisha uthibitisho wa kanuni hiyo na wa nyingine kama hiyo inayohusu 7, akaitaja pia ya 11. Alizichukua namba za p(n) kuwa vizidishi vya msururu usio na kikomo, kisha akaonyesha kwamba vile vinavyohusika hugawanyika kwa 5. Uthibitisho huo ni timilifu, lakini hauonyeshi jinsi migawanyo yenyewe inavyojipanga katika mafungu matano yaliyo sawa.

Pengo hilo ndilo alilolishughulikia Freeman Dyson mwaka 1944, alipopendekeza kila mgawanyo upewe cheo, yaani sehemu kubwa kuliko zote ikitolewa idadi ya sehemu. Vyeo vya migawanyo ya 4, kwa mfuatano uliotajwa, ni 3, 1, 0, -1 na -3. Vikigawanywa kwa 5 hubakiza 3, 1, 0, 4 na 2, kila baki mara moja tu. Wepesi wa kipimo hiki unastahili kustaajabiwa, kwa maana kinahitaji kutoa tu, ilhali uthibitisho wake kwa 5 na 7 ulisubiri hadi 1954, ulipotolewa na Atkin na Swinnerton-Dyer. Kwa 11 cheo hakifai, na Dyson alibashiri kuwapo kwa kipimo kingine, ambacho Andrews na Garvan walikitangaza mwaka 1988.

Ahlgren na Boylan walithibitisha mwaka 2003 kwamba kanuni nyepesi za aina ya Ramanujan ni hizo tatu tu, za 5, 7 na 11. Hata hivyo, Ken Ono alikwisha kuonyesha mwaka 2000, kwa kutumia fomu za moduli, yaani funksheni zenye ulinganifu wa pekee, kwamba kila namba tasa kuanzia 5 hugawanya p(n) zisizo na idadi, ingawa kanuni zake ni nzito zaidi: kwa 13, mojawapo, aliyoipata Atkin kabla yake, inahusu n za umbo 17,303k + 237. Njia ya Ono inaziacha nje 2 na 3. Kwa 2, Kolberg alithibitisha mwaka 1959 kwamba p(n) huwa shufwa, na pia huwa witiri, mara zisizo na kikomo. Namba 3 ndiyo iliyobaki ngumu kuliko zote.