Barua Zinazochelewa

Wapo wasomaji wa Chelsea Quinn Yarbro wanaoziruka barua. Wakifika mwisho wa sura na kukuta waraka wa fulani kwa fulani, hufunua kurasa mbili tatu mbele kumtafuta mnyonya damu wake, Saint-Germain, wajue kama usiku ule alikunywa damu au hakunywa. Ninapompa mtu mojawapo ya riwaya hizi humwomba jambo moja tu: mengine ruka ukipenda, barua usiruke.

Yarbro, mwanamke wa California, alitoa Hôtel Transylvania mwaka 1978, kisha akaifuatisha na nyingine zaidi ya 20. Shujaa wake hakumwokota hewani. Comte de Saint-Germain aliishi kweli, akatamba Paris zama za Louis XV: mpiga fidla, mjuzi wa kemia na almasi, mtu ambaye kwao hakukujulikana, akafa mwaka 1784. Casanova ameandika kwamba alikaa naye mezani. Wenzake wakila, yeye alizungumza mwanzo hadi mwisho bila kutia kitu kinywani. Mwandishi mwenye haraka angeipita habari hiyo. Yarbro alisimama hapo akajiuliza: basi mtu huyu anakula nini?

Dracula ya Bram Stoker, ya mwaka 1897, nayo imejengwa kwa barua na shajara. Lakini barua za Stoker zina mbio. Kuna telegramu, kuna treni, kuna taipureta ya Mina, mmoja wa wanaomwinda Dracula, na wawindaji hao wanashinda kwa sababu habari zao zinawahi. Kwa Yarbro habari haziwahi. Hasa katika vitabu vyake vya baadaye, barua hutanguliwa na maelezo mafupi: imeandikwa kwa lugha gani, nani kaibeba, imefika baada ya muda gani. Unasoma onyo la rafiki kwa rafiki, huku umekwisha kuambiwa kwamba litamfikia mambo yameshaharibika. Nyingine hazifiki kabisa. Meno ya mnyonya damu hayajawahi kunitia baridi kama mstari ule mmoja unaotaja siku za njiani.

Halafu kuna viatu. Dracula alisafiri na masanduku 50 ya udongo wa kwao; Saint-Germain udongo wake ameutia ndani ya soli. Nchi yake ya milima ya Carpathia imekwisha kumilikiwa na watawala wasiohesabika, watu wake wamesahauliwa hata jina, naye bado anaikanyaga kila anapokwenda: Roma ya Nero katika Blood Games, Florence ya Savonarola katika The Palace, Uchina ya enzi za Genghis Khan katika Path of the Eclipse. Mvue viatu na jua litamchoma, maji yatiririkayo yatamlegeza. Wengine hutazama shingo anayoikaribia mnyonya damu. Sisi tuliomzoea huyu tunamtazama miguuni.

Wala si yeye anayetisha. Katika Hôtel Transylvania hofu inaletwa na waungwana wa Paris wanaoabudu Shetani, wanaomtaka binti aitwaye Madelaine awe kafara yao. Ukatili wote huo umepewa mahali na majira, maana Yarbro hufanya kazi kama msuka mikeka: ukili kwanza, tena mrefu, ndipo aanze kushona. Anachosha pia, nisifiche. Mavazi ya mtu mmoja yaweza kula ukurasa, na Saint-Germain ni mwema kupita kiasi, hata unatamani akosee mara moja, alipize kisasi, apumue.

Lakini afadhali uchovu huo kuliko wanyonya damu wa siku hizi, vijana warembo wasio na karne. Uliza ni mwaka gani, mji gani, nani alikuwa anatawala, hupati jibu. Wamepewa miaka mia tatu ya kuishi na hawakumbuki hata bei ya mkate.

Nasi tuna wetu. Zama za ukoloni, Afrika Mashariki ilijaa minong'ono ya mumiani na wazimamoto wanaokamata watu usiku kuwatoa damu. Luise White, mwanahistoria wa Marekani, alizikusanya simulizi hizo katika Speaking with Vampires, kitabu cha mwaka 2000, na humo kuna kila alichohitaji Yarbro: serikali, magari, mitaa, hofu yenye tarehe. Sisi tuliozisikia barazani tukaziacha ziwe za kutishia watoto wasitoke nje magharibi. Mumiani huyo anastahili mtunzi mwenye subira ya kuuliza gari lilipita njia gani, saa ngapi, dereva alilipwa na nani, na mkewe alimwambia nini alipochelewa kurudi. Wa kujibu maswali hayo wanazidi kupungua, na hakuna aliyewaandikia barua.